Sekunde Chache za Suswa: Upepo wa Turkana, Umeme wa Ethiopia na Giza la Septemba 2024

Ijumaa, 6 Septemba 2024, saa tatu kasoro dakika nne asubuhi. Kinu cha kusaga mahindi kilicho mkabala na karakana yangu hapa Kariobangi kilishusha sauti, kama lori linaloishiwa nguvu mlimani, kisha kikanyamaza na mahindi tumboni. Mama mwenye kinu akatoka mlangoni, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Akaangalia nguzo, akaangalia majirani. Mchomeleaji alikuwa amevua miwani. Kinyozi ameshika mashine isiyolia, na mteja wake kanyolewa upande mmoja.

"Mwalimu," akaniita, maana jioni huwa nafundisha mafundi wa umeme, na stima ikipotea mtaani mimi ndiye wa kuulizwa hata kama nimelala. "Ni sisi tu ama ni wote?"

Nikatazama simu. Ni wote, Mama.

Taarifa ya serikali ilitoka kwa jina la Waziri wa Kawi, Opiyo Wandayi, na kwa taarifa za aina yake ilikuwa na namba za kutosha kumshughulisha fundi. Saa 2:56 asubuhi laini ya kilovolti 220 ya Loiyangalani ilitripu, yaani ilijikata, katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 kutoka kwenye mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana. Ikafuatia laini ya mkondo mnyoofu (DC, umeme unaotembea upande mmoja tu) kutoka Ethiopia, ile ya kilovolti 500, iliyokuwa ikileta megawati 200. Jumla megawati 488, au asilimia 27.3 ya umeme wa nchi wakati huo. Ukipiga hesabu kurudi nyuma unapata kwamba Kenya nzima ilikuwa ikitumia kama megawati 1,790. Zaidi ya robo yake iliondoka kabla kinyozi hajainua mkono kichwani mwa mteja. Sehemu za Magharibi na Kaskazini mwa Bonde la Ufa ndizo zilizobaki na stima; huko ndiko gridi yetu inakoshikana na ya Uganda kupitia Tororo.

Wiki iliyofuata kijana mmoja darasani aliuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi tangu hapo, kwenye matatu na hata matangani. "Mwalimu, si hiyo ya Turkana ingeletwa kwa DC kama ya Ethiopia? DC haiyumbi."

Nikamwambia asome tena taarifa. Ya pili kuanguka ilikuwa hiyo hiyo DC.

Ndiyo maana nimeamua kukiandika kisa hiki kirefu. Swali la kijana si la kijinga hata kidogo. Duniani mitambo mingi ya upepo iliyo mbali huunganishwa na gridi kwa mkondo mnyoofu, na kuna sababu nzuri. Ila sababu hizo ukizipeleka Suswa zinabadilika sura.

Suswa iko Kaunti ya Narok, chini ya mlima wa jina hilo. Ukitoka Nairobi unateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, kisha unashika barabara ya Narok. Anayepita huona ng'ombe, vumbi, na ghafla msitu wa vyuma. Hapo ndipo laini ya Loiyangalani inapofikia. Hapo ndipo laini ya Ethiopia inapokomea. Mvuke wa Olkaria nao unatuma umeme wake hapo hapo, kisha vyote vinapanda kuja Nairobi kupitia Isinya upande mmoja na Ngong upande mwingine. Kwa mpangaji wa ramani ni pazuri: karibu na mji, ardhi tambarare kiasi, laini kubwa zinakutana. Kwa mtu wa ulinzi wa gridi, yaani yule anayepanga rilei zinazogundua hitilafu na breka zinazokata umeme, ni nyumba ya wapangaji wengi yenye mlango mmoja.

Mpangaji wa kwanza ni upepo. Mitambo ya Ziwa Turkana iko upande wa Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit: mashine 365 za Vestas, kila moja kilowati 850, jumla megawati 310. Ni mashine ndogo kwa viwango vya leo, na ndogo kwa makusudi, maana zilipaswa kusafirishwa hadi kule, na zaidi ya kilomita 200 za barabara kutoka Laisamis ilibidi zitengenezwe kwanza. Upepo wa pale hauna mfano. Hewa inabanwa kati ya milima ikitafuta njia ya kwenda jangwani, inavuma usiku kucha na kulegea mchana. Mashine zilikamilika 2017. Laini ya kuzitoa haikuwepo, kwa kuwa mkandarasi wa Uhispania, Isolux, alifilisika kazi ikiwa katikati, na kampuni za China zikaja kuimalizia. Umeme ulianza kutiririka Septemba 2018. Rais Uhuru Kenyatta akazindua rasmi Julai 2019. Mwaka mzima na zaidi mapanga yalisimama yakitazama ziwa, nasi tukidaiwa mabilioni kwa umeme ambao haukuwa na njia ya kupita. Wanaosema laini ni kazi ya mwisho katika mradi wa upepo hawajawahi kulipa bili ile.

Laini yenyewe ina urefu wa kilomita 430 hivi. Minara yake ilijengwa kwa kiwango cha kilovolti 400, ingawa asubuhi ile laini ilikuwa kwenye 220; ni ya mkondo geu (AC, umeme unaogeuza upande mara kwa mara), na imebeba saketi mbili, yaani seti mbili za nyaya. Hapa kijana wangu ana haki ya kuuliza kwa nini isingekuwa mnyoofu. Jibu la kwanza ni la pesa. Mkondo mnyoofu unahitaji nyaya chache na hupoteza umeme kidogo njiani, kama asilimia 3 kwa kila kilomita 1,000, lakini kila mwisho wa laini unajenga kituo cha kugeuza mkondo, na vituo hivyo ndivyo vinavyokula bajeti. Kwa laini ya juu ya minara, mkondo mnyoofu huanza kuwa nafuu kwenye kilomita 600 hadi 800. Laini ya Ethiopia, kutoka Wolayita Sodo hadi Suswa, ina kilomita 1,045, na zaidi ya 600 kati yake ziko upande wetu. Hapo haina mjadala. Vivyo hivyo Cahora Bassa, inayotoa umeme Msumbiji hadi Afrika Kusini kwa zaidi ya kilomita 1,400, au Inga hadi Kolwezi kule Kongo, kilomita 1,700. Loiyangalani kwa megawati 310 na kilomita 430 ilikuwa chini ya mstari. Mimi ningekuwa kwenye meza ile ningechagua mkondo geu pia, na ningelala usingizi.

Chini ya bahari hesabu inageuka kabisa. Kebo ya mkondo geu hujaa na kujimwaga mara 50 kwa sekunde kama ndoo isiyotulia, na ikifika kilomita 80 hivi inakuwa imejibebesha yenyewe badala ya kubeba mzigo wako. Ndiyo sababu Wajerumani walipojenga mitambo ya upepo mbali katika Bahari ya Kaskazini walikimbilia mkondo mnyoofu. Wale hawakuwa na njia nyingine. Sisi tulikuwa nayo.

Turudi kwenye ile sauti ya kinu.

Mota ya kinu huzunguka kwa kufuata frikwensi ya gridi, mara 50 kwa sekunde. Frikwensi ikishuka, mota inapunguza mwendo, na sauti inazama. Kwa hiyo nilichosikia Kariobangi kilikuwa jenereta za Olkaria na za mto Tana zikilemewa, umbali wa kilomita nyingi, zikishusha mwendo pamoja kama ng'ombe waliofungwa nira moja. Umeme haukai ghalani. Megawati 488 zikitoweka na mzigo ukabaki ule ule, pengo linazibwa papo hapo na kitu kimoja tu: uzito wa mashine zinazozunguka. Rota za chuma za tani nyingi zinatoa mwendo wao kidogo kidogo ili taa zisizime. Wahandisi huita inesha. Mimi darasani naiita akiba ya mzunguko, maana inaisha.

Inaisha haraka kiasi gani? Hesabu ya ubaoni: chukulia kwamba mashine zilizokuwa zikizunguka zina inesha ya sekunde 4, namba ya kawaida tu kwa mfano. Ukipoteza asilimia 27.3 kwa mpigo, frikwensi inaanza kuporomoka kwa karibu 1.7 kila sekunde. Kutoka 50 unafika 48 kwa sekunde moja na ushee. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa upepo peke yake, megawati 288 kati ya 1,790, asilimia 16. Mporomoko ni 1 kwa sekunde, na unazo sekunde 2. Kijana akacheka: tofauti ya chini ya sekunde moja? Ndiyo. Ndani ya muda huo rilei za kupunguza mzigo zinapima frikwensi, zinaamua, zinafungua breka, zinazima mitaa hatua kwa hatua ili waliobaki wapone. Mitaa ikikatwa kwa wakati, Nairobi ingepoteza Kariobangi na Kayole kwa saa moja, nasi tungelalamika kama kawaida. Ikichelewa, jenereta zenyewe zinajitoa kulinda mapanga yao, kila inayojitoa inamwachia mwenzake mzigo mkubwa zaidi, na nchi inalala.

Mapanga ya Turkana nayo yanazunguka, tena mengi. Lakini kati ya mapanga hayo na gridi kuna vifaa vya elektroniki vinavyoruhusu mashine iende kwa mwendo wake wa upepo, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito ule gridi haiuhisi. Na laini ya Ethiopia haileti hata gramu moja ya inesha. Kule Ethiopia kuna maji na rota kubwa mno, ila mkondo mnyoofu hausafirishi mzunguko. Asubuhi ile zaidi ya robo ya umeme wetu ulitoka kwa watu wawili wasiovuta nira.

Sasa huyo wa pili, laini ya Ethiopia. Vigeuzi vya Suswa, yaani mitambo inayougeuza mkondo mnyoofu kuwa geu, vilijengwa na Siemens kwa teknolojia ya zamani iliyokomaa, ya thairista. Thairista ni swichi yenye tabia moja ya ajabu: unaweza kuiamuru ifungue njia, huwezi kuiamuru iifunge. Inasubiri volteji ya gridi ya upande wa pili igeuke ndipo mkondo uhame kwenda thairista inayofuata. Fikiria wakimbiaji wa kupokezana kijiti wanaokimbia kwa mdundo wa ngoma, na mpiga ngoma ni gridi ya Kenya. Ngoma ikiwa imara, kijiti kinapita mkono hadi mkono mamia ya mara kwa sekunde. Ngoma ikilegea ghafla, kwa mfano laini kubwa ya jirani inapotripu na volteji ya Suswa ikayumba, mkimbiaji wa pili hapokei kwa wakati, wa kwanza hajaachia, na mkondo unazunguka ndani ya kituo badala ya kutoka. Kigeuzi kinajaribu tena. Kikishindwa mara kadhaa mfululizo, ulinzi wake unakizima.

Kwa hiyo ile kauli ya "DC haiyumbi" ni kweli kwenye waya, si kweli kwenye mwisho wa waya. Kigeuzi cha aina hii kinaleta umeme kwa kuegemea gridi anayoiletea. Ni mgeni anayekuja na chakula lakini anakaa kwenye kiti chako, na kiti kikivunjika mnaanguka wote.

Kuna kadhia nyingine ya ujirani. Vigeuzi vya thairista hunyonya nguvu ya kushikilia volteji, nyingi, kama nusu ya megawati zinazopita au zaidi, na ili kuilisha njaa hiyo kituo huwekewa kapasita kubwa. Mkondo mnyoofu ukikatika ghafla, mlaji ameondoka mezani na kapasita bado zinapakua. Volteji inapanda hadi zitolewe. Na laini ndefu ya mkondo geu isiyo na mzigo nayo hupandisha volteji yenyewe. Mashine za upepo zimepangwa kujitoa volteji ikizidi, zisiungue. Mtu akikumbuka giza la Ijumaa nyingine, tarehe 25 Agosti 2023, ataona nyuzi hizi: Kenya Power ilisema gridi ilipoteza megawati 270 za Turkana, nao wenye mitambo ya upepo wakasema walilazimika kujitoa kwa sababu volteji ya gridi ilizidi. Watu mtandaoni walichukua pande kama mashabiki wa Gor na Ingwe. Mimi sioni ugomvi mkubwa. Kwenye mfumo kama huu kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, moja ikieleza kilichoondoka na nyingine ikieleza kilichokifukuza.

Jambo linalonikera zaidi katika kisa chote ni namba 200. Laini ya Ethiopia imejengwa kubeba megawati 2,000. Ilianza kazi ya biashara Novemba 2022, kwa mkataba wa miaka 25 ulioanza na megawati 200 kwa miaka mitatu ya kwanza. Bei ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila tazama kiufundi: vigeuzi vya thairista kwa kawaida havipendi kushuka chini ya asilimia 10 hivi ya uwezo wake, na 200 kati ya 2,000 ni asilimia 10 kamili. Tulinunua trela la magurudumu 22 tukawa tunabebea gunia mbili za sukuma wiki. Na upande wa pili, trela hilo hilo lilikuwa na nafasi tupu ya megawati 1,800. Laini za namna hii zinaweza kuongeza mzigo kwa sehemu ya sekunde, haraka kuliko lango lolote la bwawa la Tana. Lau kigeuzi kingevumilia mtikisiko wa kwanza, na lau mkataba na mitambo ya udhibiti vingekiruhusu kuomba Ethiopia megawati 288 za dharura kwa dakika kumi, pengo la upepo lingejazwa kabla ya Mama kusikia kinu kikishusha sauti. Kwenye Cahora Bassa na kwingineko udhibiti wa namna hiyo ni habari ya zamani. Laini yetu ilikuwa na dawa mfukoni, ikaanguka pamoja na mgonjwa.

Basi, tumjibu kijana sawasawa. Je, Loiyangalani ingekuwa ya mkondo mnyoofu?

Kama ingekuwa ya thairista, hapana kabisa. Vigeuzi hivyo vinahitaji ngoma pande zote mbili, na kule ziwani hakuna gridi ya kuipiga. Upepo peke yake hauwezi kumpigia mpokea kijiti mdundo anaouhitaji. Ingebidi iwe aina mpya, inayotumia transista zinazofungua na kufunga kwa amri. Wa Uswidi walianza nayo kwa upepo kisiwani Gotland 1999, megawati 50 tu. Kisiwa hicho hicho ndicho kilichounganishwa kwa laini ya kwanza ya biashara ya mkondo mnyoofu mwaka 1954. Kisha 2010 ikaja laini ya BorWin1 kule Ujerumani, megawati 400, ya kwanza kuleta umeme wa upepo wa bahari ya mbali kwa njia hii. Kigeuzi cha huko baharini ndicho kinachotengeneza volteji ya kijiji kizima cha mapanga. Mapanga hayaijui gridi ya nchi kavu; yanamjua mama yao wa karibu tu.

Uzuri wake unaonekana siku ya mtikisiko. Gridi ya nchi kavu ikizama kwa nusu sekunde, umeme wa upepo unakosa pa kwenda, volteji ya mkondo mnyoofu inapanda ndani ya sehemu chache za elfu moja ya sekunde. Hapo kifaa kama jiko kubwa la koili huwashwa na kuuteketeza umeme ule kuwa joto hadi gridi itulie. Mapanga hayajui kama kulikuwa na msiba. Na kigeuzi cha nchi kavu hakimlilii jirani. Kinashikilia volteji ya eneo lake chenyewe. Si kwamba hakina maradhi. Kule BorWin1, mitambo ya upepo ya BARD iliyounganishwa nayo na kigeuzi chake vilikaa vikisumbuana kwa mawimbi ya umeme machafu hadi uzalishaji ukasimamishwa kwa miezi, mwaka 2014. Vifaa viwili vya elektroniki vikifungwa chumba kimoja vinaweza kuanza kuimbiana.

Lakini kwa asubuhi yetu swali ni jingine: kilichotripu kilikuwa laini. Laini ikitoka imetoka, iwe geu au mnyoofu. Ya mnyoofu yenye nguzo mbili, chanya na hasi, ingeweza kupoteza moja na kubaki na nusu, kama megawati 144, na hilo si dogo. Hata hivyo laini iliyopo ina saketi mbili tayari, na bado zote 288 ziliondoka. Halafu hitilafu ya radi au mti kwenye laini ya juu huisumbua aina mpya kuliko ya zamani; nyingi haziwezi kuzima hitilafu ya mkondo mnyoofu zenyewe, sharti breka za pande zote mbili zifunguke, na megawati zote zinaondoka nazo. Kijana angekuwa amelipia vituo viwili vya kugeuza mkondo na kinu cha Mama kingenyamaza vile vile.

Waingereza walipata somo lao 9 Agosti 2019. Radi ilipiga laini, mitambo ya upepo ya Hornsea, inayoletwa kwa mkondo geu, ikajitoa na megawati 737, kituo cha gesi nacho kikatoka, frikwensi ikafika 48.8. Wateja kama milioni 1.1 wakazimiwa. Nchi haikulala, kwa kuwa zile zilizopotea zilikuwa sehemu ndogo ya mfumo mkubwa na rilei zilipata muda wa kufanya kazi. Sisi asilimia 27.3.

Ndiyo maana mimi naona kosa la Suswa halikuwa la aina ya mkondo. Lilikuwa la kuacha wapangaji wawili wakubwa, mmoja anayemtegemea mwingine atulie, wabebe zaidi ya robo ya nchi kupitia mlango mmoja, asubuhi ya upepo mwingi na bila akiba ya kutosha nyuma yao. Dawa zipo na hazina mvuto wa kuzinduliwa kwa utepe. Weka kikomo cha upepo kinachofuata ukubwa wa mzigo wa saa hiyo: nchi ikitumia 1,790, usikubali laini moja ibebe 288. Inauma, kwa sababu mkataba wa Turkana humlipa mzalishaji hata kwa umeme ulioshindikana kupokelewa, na usiku Olkaria tayari humwaga mvuke hewani kwa kukosa wanunuzi. Weka betri karibu na Suswa zinazojibu ndani ya sehemu ya sekunde. Weka mashine nzito za kuzunguka bila kuzalisha, kazi yake iwe uzito na volteji tu. Na iandikwe kwenye mkataba wa Ethiopia ile dharura ya dakika kumi. Kama fedha ni za kitu kimoja, ningeanza na hili la mwisho. Vyuma viko tayari, vimeshalipiwa zaidi ya dola bilioni 1 na nchi zote mbili.

Mchana ule Mama alikuja na kiti cha plastiki akaketi kivulini kwangu. Nikamchorea Suswa kwenye gunia la karatasi.

"Kwa hivyo Ethiopia walikuwa na stima saa ile?"

"Walikuwa nayo."

"Na waya zao zinafika mpaka hapo Suswa."

"Zinafika, Mama."

"Si watuwashie basi!"

Nikamweleza kuhusu ngoma. Kigeuzi cha thairista hakiwezi kuiamsha gridi iliyokufa. Hakuna mdundo wa kupokezania kijiti. Ilibidi mashine chache zijiwashe zenyewe kwanza, za maji hasa, zipewe mzigo kidogo, zishikane na za pili, laini baada ya laini, na watu wa chumba cha udhibiti pale Juja Road wakihakikisha hakuna mtaa unaorudishiwa na mafriji yake yote kwa mpigo. Ethiopia ingekuja baadaye, nyumba ikishakuwa na viti.

Stima iliporudi, mwanawe alikimbilia swichi. Mama akampigia kelele kutoka nje. Kinu kilikuwa bado kimejaa mahindi ya asubuhi, na mota ikiwashwa na mzigo ule ingeungua. Wakafungua kifuniko, wakaanza kuyatoa kwa kopo, moja moja, kwenye beseni.